Ekzosi ya Mjomba na Kelele za Kizota

Jumamosi iliyopita asubuhi mtaa wetu hapa Kizota, mjini Dodoma, uliamshwa na mngurumo ambao wazee walidhani ni wa lori la mawe lililokatika ekzosi. Halikuwa lori. Alikuwa ni kijana wa jirani, amelala chini ya gari lake dogo aina ya Toyota, kivulini mwa mwarobaini, gari limenyanyuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya magogo.

"Shikamoo mzee," alisema alipojichomoa, uso umejaa masizi.

"Marahaba. Mbona unatuua kwa kelele?"

"Nisamehe mzee. Nilikuwa najaribu tu. Nafunga heda, silansa bado sijairudisha."

Hadi jioni baadhi ya majirani walikwisha kuamua kwamba Jumatatu suala hilo lifike serikali ya mtaa. Mimi niliwaomba wasubiri kidogo. Sikuwa naitetea kelele. Nilikuwa namkumbuka mjomba wangu, ambaye mwaka 1987, chini ya mti kama ule, alifanya kazi ile ile kwa sababu nyingine kabisa.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Injini nyingi za magari madogo zina silinda nne. Kila silinda ikishachoma petroli hutoa moshi kupitia tundu lake, na matundu yote manne huingia kwenye kipande kimoja cha chuma kizito ambacho mafundi hukiita manifodi. Kiwanda hukipenda kwa sababu ni rahisi kutengeneza, hakichukui nafasi na kinadumu. Kasoro yake ni kwamba njia zake ni fupi, na moshi wa silinda moja hukutana na wa mwenzake mlangoni na kusukumana nao, kama abiria wa daladala wanaoshuka na kupanda kwa wakati mmoja. Heda ni mabomba manne, kila silinda na lake, yanayokwenda umbali unaokaribia kulingana kabla ya kuungana kuwa moja. Moshi ukitoka kwa kasi katika bomba la kwanza huacha nyuma yake mvuto, na mvuto huo, kama urefu wa mabomba umepimwa vizuri, huusaidia moshi wa silinda inayofuata kutoka.

Wazo hilo la kutumia pumzi inayotoka ili kuvuta nyingine si la vijana wa leo. Mwaka 1829, huko Uingereza, gari moshi la Stephenson lililoitwa Rocket liliurusha mvuke wake uliokwisha kutumika juu ndani ya dohani, ili uvute hewa na kuchochea moto wa tanuru. Ule mlio wa "chu, chu, chu" ambao watoto wa dunia nzima wanauiga ulikuwa ni sauti ya pumzi hiyo. Wazee wa Dodoma waliusikia baada ya reli ya Wajerumani kufika hapa mwaka 1910. Treni ya umeme iliyoanza kufika hapa mwaka 2024 haina mlio huo wala moshi.

Kwa upande wa magari, maarifa haya yalikuzwa na watu wa mashindano. Baada ya vita kuu ya pili, vijana wa California walikata na kulehemu mabomba yao wenyewe katika nyua za nyumbani, hadi ikawa biashara yenye viwanda. Kwetu Afrika Mashariki shule ya umma ya mambo ya magari ilikuwa ni Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza 7 tu. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa mkazi wa Tanzania, Bert Shankland, akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kumshawishi mtu wa nchi hii kwamba kuna gari gumu kuliko Peugeot, na mjomba wangu alikuwa mmoja wa walioamini hivyo maisha yao yote.

Halafu ikaja miaka ya dhiki. Katikati ya mwaka 1973 pipa la mafuta ghafi duniani lilikuwa karibu dola 3. Januari 1974 lilikuwa karibu dola 12. Ni mwaka huo huo wa 1973 uamuzi ulipotolewa wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, mji uliotegemea barabara za vumbi pande zote. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, usifunguliwe hadi 1983. Mwaka 1978 na 1979 tukapigana vita vya Kagera, na mafuta yakapanda bei tena. Fedha za kigeni zikawa adimu kama mvua ya Agosti hapa Ugogoni. Wenye umri wanakumbuka jinsi magari ya binafsi yalivyokatazwa kutembea Jumapili mchana.

Katika hali hiyo, aliyepasukiwa na manifodi hakuwa na duka la kwenda. Angeweza kuandika barua, akasubiri kibali, akasubiri meli, na gari lake likageuka banda la kuku. Au angekwenda kwa fundi wa chini ya mti. Serikali iliunda SIDO mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, na baadaye kule Kibaha wataalamu wa Nyumbu wakatengeneza lori la Kitanzania. Hizo ni juhudi zilizoandikwa. Haikuandikwa kazi ya maelfu ya watu waliokuwa wakilehemu, wakitoboa na kufinyanga vyuma nyuma ya nyumba zao ili dawa zifike zahanati na mahindi yafike sokoni. Tuliwapa jina la "gereji bubu", kana kwamba asiye na leseni hana la kusema.

Mjomba alikuwa katika kundi hilo, ingawa kazi yake hasa ilikuwa ukarani. Manifodi ya Peugeot 404 yake ilipasuka akailehemu, ikapasuka tena, akailehemu tena, ikakataa. Chuma cha namna ile hakipendi kulehemiwa hovyo. Kikipoa haraka hupasuka pembeni mwa kidonda. Basi akakata vipande vya bomba kutoka katika ekzosi ya lori bovu, akavikunja kwa moto wa mkaa, akalehemu vinne kwenye bamba la chuma alilolitoboa kwa kufuata matundu ya injini, kisha akaviunganisha chini kuwa kimoja. Bila kujua jina lake, mjomba alikuwa ametengeneza heda. Alidai hadi kufa kwake kwamba gari lilikuwa jepesi kuliko lilipotoka kiwandani.

Tatizo lilikuwa gasketi. Haikuwepo. Akakata bati la kopo la mafuta, akaliweka kati ya bamba na injini, akakaza nati.

Wiki ile ile tukasafiri kwenda Kondoa msibani. Barabara ya Kondoa wakati huo ilikuwa vumbi tupu. Lami imekamilika mwaka 2018 tu. Kwa ajili ya vumbi tulifunga vioo vyote. Nilikuwa mtoto wa miaka minane, nimebanwa nyuma katikati ya shangazi wawili. Tulipopita Mayamaya kichwa kilianza kuniuma. Baadaye nikatapika, kisha usingizi mzito ukanichukua. Shangazi mmoja alisema ni malaria, wa pili naye akawa anasinzia. Aliyetuokoa ni mjomba mwenyewe, ambaye aliona mikono yake inalegea kwenye usukani, akasimamisha gari, akafungua milango yote na kututoa mmoja mmoja hadi kwenye kivuli cha mbuyu.

Bati lile lilikuwa limejikunja kwa joto na kuacha upenyo usiozidi unene wa kucha. Moshi ulitoka hapo, ukapita matundu ya sakafu na kutufikia. Ndani ya moshi wa petroli kuna gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala ladha, ambayo hukaa ndani ya damu mahali pa oksijeni na kumlaza mtu taratibu mpaka asiamke. Vioo vikifungwa, kazi yake inakuwa rahisi zaidi.

Mjomba hakulisema tukio lile mbele ya watu. Lakini kuanzia siku hiyo alikuwa na taratibu zake, na sisi watoto tulizikariri kama aya. Injini ipoe kabisa kwanza. Waya wa betri utolewe. Nati za zamani ziloweshwe mafuta tangu jana yake, maana ukizilazimisha boliti hukatikia ndani. Uso wa injini usafishwe mpaka ung'ae, kisha upimwe kwa rula kama umenyooka. Gasketi iwe mpya, na kama hakuna, gari lisitembee. Nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, na gari likishapata moto na kupoa, zikazwe upya. Mwisho, mdomo wa bomba la nyuma uzibwe kwa tambara nene, injini ikinguruma taratibu, na mtu asikilize mbele kama kuna mahali panapopuliza.

Kuanzia mwaka 1984 mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa, na miaka ya tisini magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Spea zikapatikana. Ufundi wa kukunja mabomba kwa mkaa haukuhitajika tena, na wenye ujuzi huo wakaanza kufariki mmoja baada ya mwingine. Kijana wa Kizota hakukunja kitu. Heda yake aliinunua Gerezani, Dar es Salaam, ikaja kwa basi.

Jumapili nilirudi kwake. Nilimwambia, kwanza, kwamba hajakosea kuhangaika na pumzi ya injini. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na injini ya kawaida ya petroli hupoteza hapa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Lakini heda haimrudishii yote hayo. Katika gari la kawaida faida yake ni ndogo, na nyingi huonekana injini inapokimbia sana. Pili, nilimwuliza kile kisafisha moshi kilichokuwa pamoja na manifodi ya zamani kiko wapi. Akacheka kwa aibu. Kuna mtu alikuja kukitafuta, maana ndani yake mna platinamu. Nikamkumbusha kwamba nchi zote za kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi ifikapo mwanzo wa mwaka 2006 kwa ajili ya vifua vya watoto na kwa ajili ya kifaa hicho hicho, ambacho risasi hukiua. Kukiuza ni kuwauzia majirani moshi.

Tatu, nilimwuliza habari ya gasketi.

"Nimerudishia ile ya zamani mzee. Naona bado nzima."

Hapo ndipo nilipomsimulia safari ya Kondoa. Hakucheka. Alilala tena chini ya gari, akafungua nati zote, na jioni yake nilimwona akirudi kutoka mjini na kifurushi kidogo. Aliniomba nimtajie zile taratibu za mjomba, akaziandika nyuma ya risiti.

Ndugu msikilizaji, kelele husikika, na kila mtu hukasirika. Trafiki huandika faini, wazee huitisha kikao. Upenyo wa gasketi hausikiki hadi mtu amelala. Vyuo vya VETA vinafundisha vizuri, lakini vijana wengi wanaofungua magari nyumbani hawakupita huko na hawatapita. Walimu wao ni wale mafundi wa miaka ya dhiki ambao bado wamekaa mitaani kwetu, Majengo, Chang'ombe na kwingineko, wanacheza bao. Kabla hujamshitaki kijana wako, mpeleke kwa mmoja wao na mswaki wa waya na gasketi mpya.

Majirani wamekubali kuondoa shauri. Silansa imerudishwa.