Jukwaa linapouliza pesa zimetoka wapi

Kwa siku tatu, tarehe 29 hadi 31 Mei 2015, shule ya Alfajiri ya Wajesuiti mjini Bukavu ilikuwa mahakama. Mahakimu waliketi mbele, mawakili wakahoji, na wachimbaji, wanasiasa na wanavijiji wakapanda mmoja mmoja kutoa ushahidi mbele ya umati. Yote hayo yalikuwa mchezo wa kuigiza. Mwongozaji wake, Mswisi Milo Rau, hakuleta mwigizaji hata mmoja: kila aliyesimama pale alikuwa yeye mwenyewe, na alilolisema lilikuwa lake. Wakili wa Bukavu, Sylvestre Bisimwa, ndiye aliyeongoza uchunguzi.

Kesi zilikuwa tatu. Ya kwanza ni machimbo ya Bisie, kule Walikale, ambako wachimbaji wadogo waligongana na kampuni yenye kibali. Ya pili ni Twangiza, huko Luhwinja, ambako kampuni ya Kanada, Banro, ilichimba dhahabu na familia zikahamishiwa mlimani Cinjira. Ya tatu ni Mutarule, katika bonde la Ruzizi, ambako watu zaidi ya 30 waliuawa usiku wa tarehe 6 Juni 2014 huku askari wakiwa karibu. Mwezi Juni mwaka huohuo wa 2015 kesi hizo zilihamia Berlin, mji ambao kati ya 1884 na 1885 wakubwa wa Ulaya walikaa kugawana Afrika.

Wengi waliona jambo hilo ni geni kabisa. Mimi naona lina babu, na babu huyo yuko London. Tarehe 9 Desemba 1892 mchezo wa kwanza wa George Bernard Shaw, Widowers' Houses, ulionyeshwa katika ukumbi wa Royalty. Kijana mmoja daktari, Trench, anataka kumwoa binti wa tajiri. Anagundua kwamba mali ya mkwe inatokana na kodi za vyumba vibovu vya maskini, naye kwa uchungu anakataa pesa hizo. Mkwe hagombani naye. Anamuuliza tu mapato yake yeye yanatoka wapi. Basi inajulikana: paundi mia saba anazopata kila mwaka ni riba ya mkopo uliowekewa rehani nyumba zilezile.

Hapo ndipo Shaw alipowapita wenzake. Michezo ya siku zile ilipenda mwovu mmoja aadhibiwe mwishoni, watazamaji warudi nyumbani wakiwa wametulia. Yeye alionyesha kwamba muungwana aliyevaa suti safi yumo ndani ya uovu, tena bila kumgusa mtu. Mwaka uliofuata aliandika Mrs Warren's Profession, kuhusu pesa za madanguro na mabwana wenye heshima wanaozifaidi. Ofisi ya ikulu iliyokuwa ikikagua michezo yote ilikataa kutoa kibali, na Uingereza haikuuona hadharani hadi 1925. Miaka ile Shaw alipoandika michezo hiyo, pembe za ndovu na mpira wa Kongo vilikuwa vikimtajirisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Ulaya ilivinunua bila kuuliza.

Swali la mkwe wa Trench ndilo lililoulizwa Alfajiri: anayenunua simu au pete huko mbali ana sehemu gani katika yaliyotokea Bisie na Twangiza? Mahakama ya Rau haikuwa na polisi wala gereza. Ilikuwa na kitu ambacho raia wa Kivu hakipati mara nyingi: mchimbaji anaulizwa kwa heshima, na mkubwa anajibu mbele ya watu wanaomfahamu.

Mahakama tuliyoipata hapa Kavumu, penye uwanja wa ndege wa Bukavu, haikuwa mchezo. Kati ya 2013 na 2016 watoto wa kike wapatao 40, wengine wachanga, walichukuliwa usiku majumbani mwao na kubakwa. Novemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikuja kuketi papa hapa, karibu na wazazi. Tarehe 13 Desemba mbunge wa jimbo, Frederic Batumike, na wanamgambo wake waliojiita Jeshi la Yesu walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Cheo hakikumkinga.

Lakini hukumu hujibu swali la nani alitenda. Kwa nini kilio cha akina mama kilichukua miaka kusikilizwa, na nani alijua akanyamaza, hayo ni maswali ya jukwaa. Vijana wa Kavumu na Bukavu mnaoigiza shuleni na parokiani, andikeni mchezo huo. Msitaje jina la mtoto hata mmoja, wala msimwonyeshe. Wapandisheni jukwaani watu wazima waliokuwa na mamlaka, muwaulize.