Tangi la Kusafishia, Si la Kusafisha

Chukua mtu wa Isingiro, wilayani Kyerwa (si ile Isingiro ya Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera), anayejenga gesti ya vyumba ishirini. Maji yamefika, vyoo ni vya kuflashi, lakini bomba la umma la majitaka halipo. Muuzaji wa mjini anamtumia profoma iliyoandikwa: "mtambo tayari wa kutibu majitaka". Maneno matano, na mawili kati yake yatamwingiza hasara.

Kinachouzwa ni tangi la plastiki, faibaglasi au chuma, lililoundwa kiwandani likiwa na vyumba ndani yake. Huletwa kwa lori, likazikwa na kuungwa mabomba. Katika chumba cha kwanza uchafu mzito huzama na mafuta huelea. Katika cha pili bakteria hula uchafu ulioyeyuka, na matangi mengi huwa na pampu ya kuwapulizia hewa. Katika cha tatu tope la bakteria hutulia chini, maji yaliyopungua uchafu yakatokea juu. Kazi hiyo ya kupuliza hewa na kulitunza tope ilielezwa na Edward Ardern na William Lockett huko Manchester mwaka 1914. Kilichoongezwa baadaye ni kuitia ndani ya kopo linalobebeka.

Sasa tulitazame neno "kutibu". Kwa maji ya kunywa limekaa vizuri, maana klorini hutiwa kweli na watu wenyewe huiita dawa. Kwa majitaka linapotosha. Humo ndani anayefanya kazi ni bakteria, na dawa ndiyo inayomuua. Niliwahi kulala kwenye gesti moja ambako mhudumu alimimina dawa ya choo kila asubuhi, chupa nzima kwa vyoo vinne, na karo la nyuma likanuka mpaka chumbani. Nilipomuuliza akanijibu kwamba hiyo ndiyo tiba yenyewe. Sikuweza kumlaumu, kwa kuwa neno lilikuwa upande wake.

Watu wa Kyerwa na wilaya jirani ya Karagwe wanaijua kazi hii kuliko wanavyodhani. Anayekamua ndizi za rubisi, akachanganya na mtama na kufunika, hasemi kwamba anaitibu pombe. Anaiacha ichachuke, na wanaoichachua ni vijidudu asivyoviona. Auoshe mtumbwi wake wa kukamulia kwa Jik bila kuusuuza, aone kama atapata rubisi. (Naomba radhi kwa kuweka pombe na choo katika mada moja.)

Wapo wanaopendelea "kuchakata". Ni neno zuri la viwandani, lakini samaki na korosho huchakatwa ili vipelekwe sokoni. Majitaka yanatakiwa tu yaache kuwa na madhara kabla ya kuelekea mtoni, na huku kwetu mto ni Kagera, unaomwaga maji Ziwa Victoria. Kwa hiyo nabaki na "kusafisha", nikikumbuka kwamba hapa usafi una kipimo. Kiwango cha Tanzania, TZS 860, kinataka oksijeni ambayo bakteria wangeitumia kwa siku tano kumalizia uchafu uliobaki isizidi miligramu 30 kwa kila lita ya maji yanayotoka. Kuyanywa ni habari nyingine kabisa.

Neno la pili lenye kasoro ni "tayari". Tangi li tayari, kazi bado. Bakteria huhitaji wiki kadhaa kuzaliana wakatosha. Tope hujaa, na lazima lije gari la kulinyonya. Pampu ya hewa hutaka umeme saa zote, na mkoa wetu wa Kagera ulitegemea kwa miaka mingi umeme ulionunuliwa Uganda. Umeme ukikatika kutwa nzima, bakteria wa hewa huanza kufa na harufu hutangulia wageni mapokezi. Ndiyo maana shirika la BORDA la Bremen, Ujerumani, lililofanya kazi Kigamboni jijini Dar es Salaam, linahimiza mifumo ambayo maji hutiririka yenyewe kutoka chumba hadi chumba bila mota. Mwenye gesti akiniuliza, nitamwambia aanzie kwenye mifumo hiyo.

Wajapani, waliotunga sheria ya matangi haya mwaka 1983, wanayaita kwa neno lao, jokaso. Sehemu zake ni tatu tu: safi, kufanya, tangi. Halina tiba wala utayari.

Sisi tunaweza kuwazidi, kwa sababu tuna kiambishi cha kutendea ambacho wao hawana. Jiko la kupikia halipiki lenyewe. Beseni la kufulia halifui. Kisu cha kukatia hulala mezani mpaka mkono ukishike. Kumbe "mtambo wa kusafisha" unaahidi kujitosheleza, ilhali "tangi la kusafishia" linamtaka mtu. Silabi moja inambebesha mwenye gesti wajibu ambao muuzaji alimficha. Na badala ya "tayari" tuseme "la kiwandani", maana kiwanda kimeshamaliza sehemu yake, iliyobaki ni yetu.

Istilahi hii, hata hivyo, ina mipaka. Ni ya gesti, hospitali, shule ya bweni. Nyumba yenye choo cha shimo na maji ya ndoo haina majitaka ya kupeleka kwenye tangi lolote. Kwa nyumba za namna hiyo, Karagwe ilikwisha jaribu njia nyingine miaka ya 2010: shirika la MAVUNO, pamoja na wahandisi na watafiti wa Berlin, lilijenga vyoo vikavu vinavyotenga mkojo na kinyesi. Kinyesi kilipashwa moto kwenye tanuri ili vimelea vife, kisha kikachanganywa na mkojo, chengachenga za mkaa na mabaki ya shambani kuwa mboji ya udongo wenye upungufu wa fosforasi. Hakuna tone la maji ya kuflashi lililohitajika.

Turudi kwenye profoma. Isomeke "tangi la kiwandani la kusafishia majitaka". Na kabla hajalipa, mwenye gesti aongeze mstari mmoja kwa mkono wake: jina la mtu atakayelihudumia.