Kombora Ambalo Halikurushwa: Rada, Entebbe na Mpaka wa Busia

Kombora la kupiga rada hurushwa kutoka kwenye ndege, kisha hufuata mawimbi ya rada hadi kwenye mtambo unaoyatoa. Marekani ilitumia aina ya Shrike katika vita vya Vietnam miaka ya 1960. Udhaifu wake ulijulikana mapema: mwendeshaji akizima rada, kombora hupoteza dira. Lakini rada iliyozimwa haioni kitu, kwa hiyo rubani hupata alichokitaka.

Katika Afrika Mashariki, suala la kukwepa rada lilijitokeza usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, Israeli ilipovamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuwaokoa mateka. Ndege nne za Hercules zilisafiri kilomita zipatazo 4,000. Hazikufungua njia kwa makombora. Juu ya Bahari ya Shamu ziliruka chini sana ili zisionekane, kisha zikapita anga ya Ethiopia na Kenya. Sababu inaeleweka: kombora hupofusha rada, lakini pia humwamsha adui. Mateka wangeweza kuuawa kabla ndege hazijatua.

Wakati wa kurudi, ndege hizo zilijazwa mafuta Nairobi. Idi Amin, ambaye Februari mwaka huohuo alikuwa amedai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, aliishutumu Kenya kuwa mshirika wa Israeli. Hakuweza kuwafikia wavamizi. Hasira ikawaangukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda. Wengi waliuawa na wengine wakakimbilia kwao.

Njia kuu za barabara kati ya nchi hizi hupita Busia na Malaba, karibu na Tororo. Huko Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili. Mpaka wenyewe una asili yake katika uamuzi wa Waingereza wa 1902 wa kuhamishia Mkoa wa Mashariki wa Uganda upande wa Kenya. Mwaka 1976, kuitwa Mkenya upande wa Tororo kungeweza kumgharimu mtu uhai, hata kama ndugu zake walikuwa Waganda.

Vitabu vingi husifu Entebbe kwa ustadi wa marubani, na ustadi huo haukanushiki. Hata hivyo, mwanahistoria akihesabu gharama ya uvamizi ule asiishie uwanjani. Afike hadi mpakani, kwa watu ambao hawakuhusika na rada wala ndege.