Kopo, Upepo na Hesabu ya Mvua: Masasi na Newala

Mvua ikishanyesha usiku kucha, saa 3 asubuhi mpimaji huenda kwenye kipimamvua, huondoa faneli, humimina maji ya chupa kwenye silinda ya kioo, huinama mpaka jicho lilingane na uso wa maji, kisha huandika namba moja kwenye daftari. Namba hiyo husafiri mbali. Huingia kwenye jumla ya mwezi, jumla ya mwezi huingia kwenye wastani wa miaka 30, na wastani huishia kwenye ripoti inayotamka kwamba mvua za kusini zimepungua au zimeongezeka. Kinachobaki nyuma uwanjani ni kopo lenyewe: upana wa mdomo wake, kimo chake kutoka ardhini, mwembe ulio jirani yake. Makala haya yanadai kwamba mtu anayetaka kuandika historia ya mvua ya Masasi na Newala hana budi kuanza na kopo hilo. Majaribio ya kimataifa ya kulinganisha vipimamvua yameonyesha kwamba makopo mawili yakiwekwa kwenye uwanja mmoja, chini ya wingu moja, hayaleti hesabu moja. Tofauti yao ina mwelekeo, na mwelekeo huo unaweza kudhaniwa kuwa mabadiliko ya mbingu.

Tuanze na hesabu ndogo. Kipimo cha Kijerumani alichokiunda Gustav Hellmann miaka ya 1880 kina mdomo wa sentimita za mraba 200, na kwa kawaida ukingo wake huwekwa mita 1 juu ya ardhi. Kipimo cha Kiingereza kilichoenea katika makoloni kina mdomo wa kipenyo cha inchi 5, yaani milimita 127, na ukingo wake huwa futi 1 tu kutoka ardhini. Milimita 1 ya mvua humwaga mililita 20 kwenye kopo la kwanza, na mililita 12.7 kwenye la pili. Kila kopo kwa hiyo lina silinda yake ya kioo, iliyochorwa mistari kwa ajili yake peke yake. Silinda ya kopo la Kiingereza ikivunjika na mtu akaazima ya Kijerumani, mvua ya milimita 10 itaandikwa 6.3, na daftari halitaonyesha dalili yoyote ya kosa. Hilo angalau ni kosa kubwa, na mchunguzi makini anaweza kulinusa. Linalosumbua zaidi ni lile dogo la kudumu: kituo kilichoanza na kopo la kimo cha mita 1 kikahamia kopo la kimo cha futi 1 kimeshusha mdomo wa chombo kutoka kwenye upepo mkali hadi kwenye upepo mpole, na kuanzia siku hiyo kitaonekana kupata mvua nyingi kidogo kuliko zamani, hata kama mawingu hayajabadilika hata chembe.

Kusini ya Tanzania ni mahali hasa pa kuliuliza swali hili, kwa sababu watawala na wapimaji wamepokezana hapa kwa vishindo. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji viliteketeza misheni hiyo. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiandika habari za wenyeji, na mojawapo ya mambo yaliyomshangaza ni watu kukaa juu ya uwanda usio na maji huku visima na chemchemi viko bondeni. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza: Wareno walivuka Ruvuma wakaishika Newala mwaka 1916, wakafukuzwa kabla mwaka haujaisha, na mwishoni mwa 1917 jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lilipita uwandani likielekea Msumbiji. Hakuna anayetarajia silinda ya kioo kusalimika katika misukosuko ya namna hiyo. Utawala wa Kiingereza ulikuja na inchi zake, na mwaka 1929 ikaanzishwa huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, kazi ikaangukia taifa lenyewe, na leo iko mikononi mwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Milimita, kisha inchi, kisha milimita tena. Katika kila makabidhiano kubadilisha inchi kuwa milimita ni kazi ya kuzidisha tu. Kubadilisha kopo kuwa kopo jingine hakuna kanuni moja inayotosha.

Kwamba upepo ndio mkorofi si ugunduzi wa juzi. Katika miaka ya 1760 daktari William Heberden wa London aliweka vipimo vitatu: kimoja bustanini, kimoja juu ya paa la nyumba, kimoja juu ya paa la kanisa la Westminster. Kwa mwaka mmoja kile cha juu kabisa kilikusanya zaidi kidogo ya nusu ya kile cha chini. Watu walidhani matone hukua yanapokaribia ardhi, na fikra hiyo ilidumu karibu karne nzima mpaka William Stanley Jevons alipoeleza mwaka 1861 kwamba kopo lenyewe ndilo lenye lawama. Upepo unapokutana na ukuta wa kopo hulazimika kupanda na kupita juu ya mdomo kwa kasi zaidi, na matone mepesi yaliyokuwa yaangukie ndani hubebwa ng'ambo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1860 George Symons na wenzake Uingereza walipanga makopo ya kila ukubwa uwanjani wakayalinganisha, wakaona kwamba upana wa mdomo hauleti tofauti kubwa lakini kimo kinaleta. Sasa mtu asimame Newala, pale Shimo la Mungu, ambapo uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini. Upepo unaotoka bondeni hupiga ukuta wa mlima na kupanda. Kipimamvua kilichowekwa karibu na ukingo ule kinakaa katika hali iliyo jirani zaidi na ya paa la kanisa la Heberden kuliko ya bustani yake. Masasi iko chini, kati ya majabali ya mawe, na uwanja wa misheni wenye miembe una kinga ya aina nyingine, na hatari ya aina nyingine, maana mti ulio karibu mno hukinga upepo na mvua kwa pamoja. Anayelinganisha wastani wa miji hii miwili analinganisha pia viwanja viwili.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lililoanza kazi mwaka 1950, liliurithi ugomvi huu ukiwa umekomaa. Ulimwenguni kuna aina zaidi ya 50 za vipimamvua rasmi vya kitaifa, na kila taifa lina sababu za kupenda chake. Jaribio la kwanza la kuvilinganisha, lililoanza miaka ya 1950, lilichagua kopo la Kiingereza lililoinuliwa mita 1 na kuzungushiwa kinga ya upepo liwe kigezo cha wote. Halikufaulu, na sababu yake inastahili kutazamwa kwa makini: kigezo chenyewe kilikuwa kikipoteza mvua kwa upepo. Ilikuwa kama kupima mizani za soko zima kwa jiwe ambalo uzito wake haujulikani. Katika miaka ya 1970 wataalamu walianza upya, na safari hii walichimba shimo. Kopo liliwekwa ndani ya shimo, mdomo wake ukawa sawa na uso wa ardhi, na juu ya shimo ukatandazwa wavu wa vyumba vyumba ili matone yanayogonga ardhi yasirukie ndani. Upepo unapita juu bila kukutana na ukuta. Taarifa ya Boris Sevruk na mwenzake Hamon, iliyotoka mwaka 1984, ilitoa matokeo ya kulinganisha makopo ya kitaifa na kile cha shimoni, na hesabu iliyokubalika kutokana na kazi za aina hiyo ni kwamba kopo lililo juu ya ardhi hukosa asilimia 2 hadi 10 ya mvua kwa ajili ya upepo peke yake. Hapo bado hujahesabu maji yanayonata kwenye kuta za faneli bila kufika chupani, wala yale yanayogeuka mvuke kabla ya saa 3.

Msomaji atauliza: asilimia 5 ni kitu gani, katika nchi ambayo mwaka mmoja na mwingine hutofautiana kwa mbali zaidi ya hapo? Swali ni la haki, na jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwaka mzuri na mwaka mbaya hufidiana ukikokotoa wastani, lakini kosa la upepo halifidiani, maana halipandi na kushuka, daima linapunguza. Ya pili inaonekana vizuri zaidi kwenye paa la bati. Juu ya uwanda wa Makonde, ilipo Newala, ambako mchanga hunywa mvua yote na hakuna mto, kaya nyingi zimetegemea kuvuna maji ya paa kwenye matangi na visima vilivyochimbwa uani. Paa la mita za mraba 40 likipata milimita 1 hutoa lita 40, ndoo mbili. Kwa mwaka wa milimita 1,000, asilimia 5 ni milimita 50, na juu ya paa hilo milimita 50 ni lita 2,000: ndoo 100. Mhandisi anayekadiria ukubwa wa tangi kwa namba za kopo lenye kasoro amekosea kwa ndoo 100, na mwenye kujua umbali wa chemchemi za bondeni hatasema ni kidogo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Majaribio haya yamefanyika zaidi katika nchi za baridi, na mengine yalihusu theluji moja kwa moja. Mvua ya Desemba Masasi si mvua ya Uholanzi: matone ni makubwa, yanaanguka kwa kasi, na upepo hauwezi kuyasukuma kirahisi. Hilo ni kweli, na kwa hiyo nisingethubutu kuchukua asilimia 10 na kuibandika juu ya Newala. Kwa mvua kubwa kosa la upepo huenda liko karibu na ncha ya chini. Kwa manyunyu na rasharasha za mwanzo na mwisho wa msimu, ambazo mkulima huzisubiri kwa hamu na mwenye mikorosho huziogopa zikija wakati wa maua, liko juu zaidi. Lakini mvua kubwa nayo ina mtego wake, na mtego huo uko kwenye vyombo vya kisasa. Kipimamvua cha kujiendesha kina vikopo pacha vinavyobembea: kimoja kikijaa, tuseme milimita 0.2, hupinduka na kumpisha mwenzake, na mashine huhesabu mpinduko. Mvua ikinyesha kwa kasi ya milimita 120 kwa saa, vikopo hupinduka kila baada ya sekunde 6, na katika kila mpinduko maji kidogo humwagika bila kuhesabiwa. Kadiri mvua inavyozidi ukali ndivyo chombo kinavyozidi kudanganya. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilijaribu vyombo hivi maabara mwaka 2004 na 2005 huko Uholanzi, Ufaransa na Italia, kisha uwanjani Vigna di Valle nchini Italia kuanzia 2007 hadi 2009, pembeni mwa vipimo vya shimoni. Ilidhihirika kwamba vyombo vyenye programu ya kusahihisha hesabu kwa mvua kali vilifanya vizuri, na visivyo nayo vilibaki nyuma. Kwa hiyo joto la kwetu halitutoi kwenye matokeo hayo; linatuhamisha kutoka kosa moja hadi jingine.

Wengine watasema tunahitaji makopo mengi zaidi kabla ya makopo bora, na watataja mradi wa karanga. Waingereza waliuanza mwaka 1947, Nachingwea jirani na Masasi ikiwa mojawapo ya maeneo yake, wakauacha mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Kule Kongwa, eneo jingine la mradi huo, mvua iliwaangusha, na hakuna aliyesema kopo lilikuwa na kasoro: tatizo lilikuwa kumbukumbu chache na haraka nyingi. Nakubali. Kopo moja sahihi haliwezi kusimamia wilaya nzima ambayo mvua yake hunyesha kijiji hiki na kuruka kile. Ila idadi haiondoi mwelekeo wa kosa. Makopo 100 yanayokosa asilimia ile ile yatakubaliana vizuri sana, na yote yatakuwa yamekosea. Hata setilaiti haituokoi hapo. Makadirio ya mvua ya Afrika yanayotolewa na Chuo Kikuu cha Reading, na yale ya CHIRPS ya Marekani, husoma joto la vilele vya mawingu kisha hurekebishwa kwa namba za makopo ya ardhini. Kosa la kopo hupanda juu angani na kurudi likiwa limevaa ramani ya rangi.

Kilicho ndani ya uwezo wetu ni cha bei ndogo. Daftari la zamani, liwe la misheni, la boma au la shamba, likipatikana, lisomwe na kurasa zake za pembeni: aina ya kopo, kimo, saa ya kusoma, kama mvua ya asubuhi iliandikwa tarehe ya jana au ya leo, siku kituo kilipohamishwa. Kopo jipya likiletwa, la zamani lisiondolewe siku hiyo hiyo. Yakae pamoja angalau mwaka mzima, ili tofauti yao ijulikane kwa namba. Na mahali fulani uwandani kichimbwe kipimo kimoja cha shimoni, kiwe kigezo cha vingine. Masasi, kwenye mbuga za udongo mweusi, shimo la namna hiyo lingejaa maji katikati ya msimu na kopo lingeelea. Newala ni tofauti. Mchanga ule ule unaokunywa mvua yote, uliowapeleka kina mama bondeni na madumu yao vizazi kwa vizazi, ungelikausha shimo kabla mpimaji hajafika saa 3.