Morogoro: Matembezi na Vivutio vya Asili Chini ya Milima ya Uluguru

Morogoro ni mji wa Tanzania ulioko kiasi cha kilomita 190 magharibi ya Dar es Salaam, kwenye mwinuko wa takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo bonde la mto Ngerengere linakutana na miteremko ya kaskazini-magharibi ya Milima ya Uluguru. Kwa mapenzi huitwa "mji kasoro bahari", na sifa hiyo haikutolewa bure, kwa kuwa mlima uliouegemea mji huo ndio unaoupa mito, maporomoko, misitu, bwawa na mazao ya sokoni, na karibu kila mahali panapomvutia mgeni ni mahali ambapo maji ya mlima hupita, hutuama au huchipusha kitu. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na tangu Juni 2024 treni ya umeme inayopita kwenye reli ya kisasa imewawezesha wakazi wa Dar es Salaam kwenda asubuhi na kurudi jioni. Hata hivyo, sehemu kubwa ya wasafiri huunganisha safari katika stendi ya Msamvu na kuelekea moja kwa moja Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, jambo ambalo ni la kusikitisha, maana tembo na simba hupatikana katika hifadhi nyingi za Afrika ilhali msitu wa Uluguru una viumbe ambao hawapo penginepo duniani.

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, yaani safu ya milima mikongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kupinda kuelekea kusini-magharibi kupitia Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge. Tofauti na Kilimanjaro na Meru, ambayo ni milima ya volkeno, milima hii ni mapande ya miamba ya kale sana yaliyoinuliwa pale ardhi ilipopasuka na upande mmoja kupanda juu ya mwingine. Kwa kuwa imesimama mbele ya pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, mawingu hulazimika kupanda, kupoa na kumwaga mvua. Upande wa mashariki wa Uluguru hunyeshewa karibu mwaka mzima, na sehemu zake za juu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati mji wenyewe, uliokingwa na mlima upande wa pili, hupata chini ya milimita 1,000. Hali hiyo ya unyevu imedumu kwa mamilioni ya miaka, hata katika vipindi ambavyo misitu mingine ya bara ilikauka na kugeuka nyika, na ndiyo sababu mimea na wanyama wa Uluguru walipata muda wa kubadilika kwa njia yao wenyewe.

Matembezi yanayojulikana zaidi ni ya kupanda Morningside, nyumba ya mawe iliyojengwa enzi za utawala wa Wajerumani na ambayo sasa imebaki gofu, juu ya mji, mahali penye hewa baridi. Njia huanzia sehemu za juu za mji, karibu na majengo ya serikali ya enzi za ukoloni, na kufuata bonde la mto Morogoro, ambao unaruka juu ya mawe makubwa yaliyolainishwa na maji. Mpandaji wa kawaida hutumia saa mbili hivi kufika, akipita kwenye migomba, magimbi na bustani za mboga zilizolimwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mkulima huonekana kama ameegemea shamba lake. Alfajiri njia hiyo huwa na msongamano wa watu wanaoshuka: akina mama wenye matenga ya mchicha, karoti, ndizi na stroberi kichwani, wakienda kwa hatua fupi za haraka kwenye udongo ambao mgeni aliyevaa viatu vya gharama huukanyaga kwa wasiwasi. Desturi ya huko ni kwamba anayepanda humpisha anayeshuka na mzigo, na salamu hutolewa kwanza na mgeni. Katika kijiji cha Choma, kwenye njia za upande huohuo, kuna maporomoko ya maji ambayo huvutia wanafunzi na familia siku za mapumziko.

Kwa asiyeweza kupanda, sehemu za chini za mto huohuo zina maeneo ya kupumzikia, na maarufu zaidi ni Rock Garden, bustani iliyopo mguuni mwa mlima ambamo vijito hupita katikati ya majabali na miti mikubwa. Watu huenda huko kula, kupiga picha za harusi na kukaa kivulini.

Juu ya mashamba ndipo unapoanza msitu wa hifadhi. Misitu ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki, ambayo kwa miongo mingi ilitunzwa kama misitu ya lindimaji, yaani misitu inayohifadhiwa kwa ajili ya kulinda vyanzo vya maji, iliunganishwa mwaka 2008 kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye eneo la takriban hekta 24,000, na sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kilele cha juu kabisa ni Kimhandu, kinachozidi kidogo mita 2,600, lakini kiko mbali upande wa kusini. Vilele vinavyoutazama mji ni Bondwa, kinachotambulika kwa minara yake ya mawasiliano, na Lupanga, chenye mita 2,138. Kupanda Lupanga na kushuka ni kazi ya siku nzima, na sehemu za mwisho ni za kujivuta kwa kushika mizizi kuliko za kutembea. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo miti inavyopungua kimo, hadi karibu na kilele ambako imekunjamana na kuvikwa kuvu na ndevu za mwani wa miti, huku ukungu ukipita katikati ya matawi na kugeuka matone bila mvua kunyesha. Matone hayo ni sehemu ya maji yanayotiririka mitoni wakati wa kiangazi, na ni hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya ukataji wa msitu wa juu.

Katika msitu huo anaishi ndege mwenye kofia nyeusi inayong'aa, mgongo wa kijani na tumbo la njano, ambaye wataalamu humwita Malaconotus alius na ambaye hajawahi kupatikana nje ya Uluguru. Kwa kuwa hukaa juu sana kwenye majani, husikika mara nyingi zaidi kuliko anavyoonekana. Mwenzake katika upekee huo ni aina mojawapo ya chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maji matamu ya maua, aliyepewa jina la Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama aliyefanya utafiti Tanganyika katika miaka ya 1920. Kwenye mawe yenye kivuli na unyevu huota pia Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo huko Ulaya na Marekani limekuwa mojawapo ya maua yanayopendwa sana ya kupamba madirisha, ingawa wengi wanaolimwagilia hawajui kwamba asili yake ni milima na misitu ya Tanzania na Kenya.

Mlima huu haujawahi kuwa mahali patupu pa kutalii. Waluguru, ambao hufuata ukoo wa upande wa mama na ambao ardhi yao kwa jadi ilisimamiwa na ukoo, wameacha vipande vya msitu visivyolimwa kwa ajili ya makaburi na matambiko, na mgeni anapoambiwa na mwenyeji asiingie mahali fulani hana budi kutii. Kinole, upande wa mashariki, palikuwa makao ya watawala waliorithi jina la Kingalu na waliosifika kwa uwezo wa kuita mvua; jina hilo sasa limepewa soko kuu la mjini, lililofunguliwa mwaka 2021, ambako mazao ya mlima huuzwa. Mashariki huko pia alisadikiwa kukaa Kolelo, mzimu wenye umbo la nyoka mkubwa ndani ya pango, ambaye watu walimwendea na sadaka kuomba mvua hata kutoka Uzaramo. Imani hiyo ilitambua kwa lugha yake ukweli ambao ramani inauthibitisha: mto Ruvu huchimbuka Uluguru, hupokea Ngerengere njiani na kuteremka hadi Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo, na kutoka mtoni humo Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake ya bomba.

Safari ya kwenda Mgeta, upande wa magharibi wa mlima, huonyesha mashamba ya ngazi, yaani mteremko uliochongwa kuwa vidaraja ili udongo usichukuliwe na mvua. Mandhari hayo yana historia chungu. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi, kazi nzito ambayo katika sehemu nyingi ilifukia udongo wenye rutuba chini ya udongo mfu na kupunguza mavuno. Mwaka 1955 wananchi waliandamana, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Kwamba Mgeta leo hulima kabichi, viazi na njegere kwenye ngazi nzuri ajabu ni ushahidi kwamba wakulima hawakuwa wakikataa hifadhi ya udongo. Walikataa shuruti na njia isiyolingana na ardhi yao.

Kusini-magharibi mwa mji, kando ya barabara ya Iringa, liko Bwawa la Mindu, lililojengwa kwa kuzuia mto Ngerengere na ambalo ni chanzo kikuu cha maji ya Morogoro. Wavuvi wa mitumbwi, ndege wa majini na kivuli cha mlima juu ya maji wakati wa jioni hulifanya kuwa mahali pazuri pa kutazama, lakini kuoga na kufua humo hakufai.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984, kimetandaza kampasi yake mguuni mwa Uluguru, na ndani ya maeneo yake mna kivutio kisicho na mfano. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji na kuhamia Morogoro mwaka 2000, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mafunzo ya uwanjani hufanyika asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali: panya hufungwa mkanda uliounganishwa na kamba iliyotandazwa kati ya watu wawili, hutembea mstari baada ya mstari, na anapoikuta harufu hukwaruza ardhi, husikia mlio mfupi na kukimbilia kipande cha ndizi. Uzito wake mdogo haulipui bomu. Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro kisha akafanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020. Katika kampasi nyingine ya chuo hicho, Mazimbu, mna makaburi na majengo ya shule iliyojengwa na chama cha ANC kwa ajili ya vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi wa rangi, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992.

Mikumi, hifadhi ya taifa tangu 1964 yenye kilomita za mraba 3,230, iko kiasi cha kilomita 100 kutoka mjini, na barabara kuu huipasua kwa kilomita 50 hivi, kiasi kwamba abiria wa basi huweza kuona twiga, pundamilia na tembo bila kushuka.

Kwa matembezi ya mlimani, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo bora, kwa kuwa masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia kuwa utelezi na kuficha vilele. Kuingia msituni huhitaji kibali na malipo ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mwongozaji mwenyeji ni wa lazima kwa busara, kwani njia huchanganyika na ukungu hushuka ghafla. Kuanza mapema hulipa, maana mawingu huanza kufunika mlima kuanzia adhuhuri. Mwishoni mwa kiangazi, nyasi zinapokuwa kavu na wakulima wanapoandaa mashamba, moto hupanda kwa kasi kwenye miteremko na mara nyingine hufika hadi ukingo wa msitu. Kwa hiyo kuwasha moto hifadhini bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kitako cha sigara kilichotupwa njiani huhesabiwa na wanakijiji wa juu kuwa ni tishio kwa nyumba zao.