Skrubu ya Sailensa

Marehemu baba alinunua Peugeot 404 kuukuu mwaka 1974. Alilipenda kwa sababu ileile waliyolipendea wengi: magari ya aina hiyo yalishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi wa pili na wa tatu dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Baba aliitaja hiyo saba utadhani na yeye alikuwamo.

Tulikaa Arusha, kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Gari lilikuwa limetoka Dar es Salaam, na kila asubuhi lilitoa moshi mweusi na kunuka petroli. Fundi wetu, mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya mwembe, alicheka tu. Hewa ya huku ni nyepesi, alisema, lakini kabureta bado inamimina petroli ya pwani.

Kabureta ile ya Solex ilikuwa na skrubu mbili za sailensa. Moja huzuia kilango cha hewa kisifunge kabisa. Hiyo ni ya mwendo. Ya pili, yenye ncha kama sindano, hupima mchanganyiko. Fundi aliacha injini ipate moto kwanza. Kisha akaikaza ile ya pili polepole mpaka injini ikaanza kumisi, akailegeza mpaka ikaunguruma kwa uzito, halafu akatafuta katikati, akiwa amefumba macho. Bisibisi ilikuwa mkononi, lakini kazi ilifanywa na masikio.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Jumapili moja nikaamua kumfurahisha baba. Nikaikaza ile sindano mpaka mwisho, na ilipogoma nikaongeza nguvu. Ncha yake ikaliwa mkunjo, na tangu hapo gari halikukaa sailensa tena. Baba alienda kazini kwa miguu wiki tatu, tukingoja skrubu nyingine kutoka Dar es Salaam. Hakunipiga. Kila jioni alifuta vumbi viatu vyake mlangoni mbele yangu, na hilo lilinichoma zaidi.

Baadaye nilisoma kwamba serikali za wenzetu nazo ziliwaogopa watu wa aina yangu, ingawa kwa sababu nyingine. Mchanganyiko ukizidi petroli, injini hutoa kaboni monoksidi nyingi, nayo ni sumu. Baada ya Marekani kupitisha sheria yake ya hewa safi mwaka 1970, skrubu hizi zilizidi kuvishwa vifuniko vya plastiki ili zisizungushwe ovyo, na hatimaye zikazibwa kabisa. Masharti ya moshi yaliyoanza Ulaya mwaka 1993 yakaifukuza kabureta karibu katika magari yote mapya. Kazi ya lile sikio ikachukuliwa na kompyuta. Siwalaumu. Ule moshi tuliuvuta sisi wenyewe, na mama alikuwa na pumu.

Baba alipofariki mwaka 2003, gari likaniangukia mimi. Nililipeleka kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Mjukuu wake akaniambia kwamba masikio yamekwisha. Miaka mingi ya injini na nyundo. Nikataka kuondoka, lakini mzee alikwisha kulitambua gari. Akaja, akanipa bisibisi, akaweka kiganja chake juu ya bawa la mbele.

"Washa, mwanangu."

Nikawasha, tukangoja injini ipate moto. Nikakaza kidogo kidogo, mkono ukitetemeka kama wa yule kijana wa Jumapili. Injini ikaanza kuyumba. Nikalegeza. Mzee alikuwa amefumba macho vilevile kama zamani.

"Umepitiliza," akasema. "Rudisha robo."

Nikarudisha robo. Kiganja chake kilibaki palepale kwa muda mrefu, halafu akakiondoa na kwenda kunawa mikono.