Mteja na Shahidi: Historia ya Kuaminiana katika Biashara, kutoka Njia za Misafara hadi Soko la Simu la Bunia

Neno mteja katika Kiswahili lina maana mbili zinazostahili kutazamwa pamoja. Mteja ni mnunuzi aliyezoea duka fulani. Tena ni mgonjwa aliyejiweka mikononi mwa mganga. Katika maana zote mbili mtu hutoa mali yake kabla ya kujua kwa yakini atapata nini. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kuutazama mji wa Bunia katika Ituri, kwamba katika kila zama mteja huvutwa zaidi na shahidi kuliko tangazo.

Katika karne ya 19 biashara ya bara iliendeshwa kwa mkopo. Wenye mitaji wa Unguja, kama Taria Topan, walimkopesha Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, bidhaa za kupeleka bara, wakangoja pembe za ndovu. Dhamana ilikuwa jina la mkopaji na kauli za waliomjua. Lugha imehifadhi msamiati wa utaratibu wa namna hiyo: mali kauli, arubuni, amana, dalali. Hata hivyo, imani hiyo haikumfikia mwenyeji wa bara. Stanley alipopita katika msitu wa Ituri mwaka 1887 aliwakuta Wamanyema wa Kilonga-Longa wakitafuta pembe kwa nguvu ya bunduki. Hapo mwenyeji hakuwa mteja, alikuwa mateka. Waungwana walirithisha lugha, Kingwana, lakini soko ilibidi wenyeji walijenge wenyewe.

Msingi wake ulikuwapo. Wafugaji Wahema na wakulima Walendu walikuwa wakibadilishana mazao ya mifugo na ya shamba. Uchimbaji wa dhahabu ya Kilo, ulioanza mwaka 1905, ulileta mshahara na maduka. Sokoni Bunia mnunuzi huitwa kiliya, kutoka Kifaransa, na nyongeza anayopewa baada ya kupimiwa huitwa matabisi, neno lenye asili ya Kireno. Matabisi hayo ni shukrani, na pia ni njia ya kumfanya mnunuzi akasimulie nyumbani ametendewaje. Vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliuvunja msingi huo. Mwaka 2003 mji wenyewe uligawanyika, hadi jeshi la Umoja wa Ulaya likaletwa kuutuliza. Aliyeogopa kuvuka mtaa hakuweza kuwa mteja wa upande wa pili.

Wakati huohuo, ng'ambo, swali lilelile lilikuwa likijibiwa kwa namna mpya. Amazon, iliyoanza kuuza vitabu mwaka 1995, iliwaruhusu wasomaji kuandika maoni yao, hata ya kulaumu. eBay, mnada ulioanzishwa na Pierre Omidyar mwaka huohuo, iliwataka muuzaji na mnunuzi watoleane ushahidi hadharani. Wageni wasioonana wakawa jumuiya, na sifa ya muuzaji ikawa mtaji wake. Afrika Mashariki ilihitaji zaidi ya hayo. Jumia, iliyoanzishwa Nigeria mwaka 2012 na kuingia Kenya mwaka 2013, ilimruhusu mnunuzi kulipa baada ya kupokea mzigo, tena ikatumia mawakala wanaowaagizia jamaa na majirani zao. Pamoja na hayo, ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019. Gharama ya kumfikishia mzigo mteja si jambo dogo.

Bunia haikungoja duka la namna hiyo. M-Pesa, iliyozaliwa Kenya mwaka 2007, iliingia Kongo mwaka 2012, na makundi ya WhatsApp yakawa soko. Muuzaji huonyesha picha za nguo au simu zilizopitia Kampala, bei kwa dola. Mnunuzi hutuma arubuni, na mwendesha pikipiki hupeleka mzigo. Msimamizi wa kundi ndiye dalali mpya: humwingiza anayejulikana, humtoa aliyedhulumu. Matabisi yamekuwa punguzo la bei kwa anayeleta wanachama wapya.

Ushahidi huo una kasoro mbili. Kwanza, hununulika: maoni ya uongo yameyasumbua hata maduka makubwa ya dunia, na picha si kitu chenyewe. Pili, na kwa Ituri hili ni zito zaidi, kundi linalokusanya jamaa wa upande mmoja tu huwa na imani nyingi ndani na hofu nyingi nje. Huo ni mgawanyiko wa mwaka 2003 ukirudishwa ndani ya simu. Soko la zamani lilimlazimu mfugaji kumtazama mkulima usoni. Kundi la simu halimlazimishi. Hivyo basi, thamani ya jumuiya hizi mpya haitapimwa kwa wingi wa wateja zinaowavuta pekee. Itapimwa kwa jambo hili: je, mtu wa upande wa pili anaweza kuwa shahidi humo, na akaaminiwa?